Rejeta ya Babu

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi tangu shule ya msingi, na mwalimu hakukosa kunitilia alama ya vema. Lakini nakiri mbele yenu kuwa sikuielewa hata chembe hadi mwaka 2024, nilipofuatana na Babu kwenda Nairobi kutazama magari ya kale. Nitawasimulia yote. Kuna ya kufurahisha na kuna ya aibu, na hayo ya aibu ni yangu mwenyewe.

Tunaishi kando ya mji wa Nakuru pamoja na Babu na Nyanya. Nyuma ya nyumba yetu, chini ya mparachichi, kuna gari la Babu aina ya Peugeot 404. Kwetu huitwa Pijo tu. Ni lile refu lenye viti safu tatu, na rangi yake iliyokuwa nyeupe kama maziwa sasa imekuwa kama ya ugali uliolala. Mbele lina nembo ya simba. Gia yake haiko sakafuni kama ya magari mengi ya siku hizi bali imechomoza kando ya usukani. Ukifungua boneti kwa mara ya kwanza utadhani injini imeanguka, kwa maana imelala ubavu kwa nyuzi 45. Walioliunda waliilaza hivyo makusudi ili boneti isiinuke sana. Magari ya aina hii yalianza kuuzwa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na kampuni ya Kiitaliano ya Pininfarina, ile ile iliyochora magari mengi ya Ferrari. Babu hana habari na Ferrari. Anachojua ni kwamba Pijo lilimlisha.

Alilinunua mwaka 1974 kutoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama, akaanza kubeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi. Abiria saba, yeye wa nane. Siku hizo kupanda Pijo ilikuwa heshima, watu walivaa suti. Wakati wa kurudi hakukuwa na shida. Shida ilikuwa wakati wa kwenda, pale Mai Mahiu, barabara inapoanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Magari mengi yalichemka hapo na kutoa moshi kama chungu cha githeri. Chini ya mlima huo kuna kanisa dogo sana lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano, hao hao waliofanya kazi ya kutengeneza barabara ile. Babu alikuwa akiegesha karibu na kanisa hilo, anafungua boneti, anangoja injini ipoe, kisha anaongeza maji katika rejeta. Abiria wenye haraka walinung'unika. Yeye aliwaambia, "Mlima haupandwi na injini, mlima unapandwa na maji."

Kwa wale wasiojua, rejeta ndiyo ile kama sanduku la mabomba membamba iliyo mbele ya injini. Maji huzunguka ndani ya injini yakichukua joto, halafu hupita katika mabomba hayo na kupozwa na upepo. Bila rejeta, injini hujiunguza yenyewe kwa dakika chache. Pijo la Babu lina hata feni inayojiwasha joto likizidi na kujizima likipungua. Babu hujivunia feni hiyo kana kwamba aliibuni yeye.

Katika miaka ya 1990 Nissan za abiria zilijaa barabarani, na watu wakaacha kungojea Pijo lijae. Mwaka 1996 Babu aliliegesha chini ya mparachichi. Lakini hakulitupa. Kila Jumamosi baada ya chai ya saa nne alitoka na kitambaa na birika la maji, akaliwasha, akaliacha lingurume kwa muda wa robo saa. Aliita shughuli hiyo mazoezi. Majirani walisogea na vikombe vyao, watoto wakapanda viti vya nyuma na kuimba ati wanaenda Nairobi. Kazi yangu tangu nikiwa na miaka sita ilikuwa kumimina maji kwenye rejeta. Kwa hiyo nililijua vizuri sana lile dude. Nilijua limefungwa kwa nati ngapi na mipira yake miwili inatoka vipi. Laiti nisingalijua!

Sasa nifike penye aibu. Mwezi wa Februari mwaka 2023 nilikuwa nimeingia kidato cha kwanza. Nilichaguliwa katika timu ya kandanda ya kidato chetu lakini sikuwa na njumu. Baba alikuwa ametoka kulipa karo na kununua sare, na aliniambia nisubiri muhula wa pili. Wenzangu wakinicheka nikicheza na raba zilizopasuka. Kila jioni nikitoka shuleni nilipita kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu na kumwona akipima sufuria zilizotoboka na mabati yaliyooza kwa mizani yake ya kuning'iniza. Shetani hakunihitaji kunishawishi sana. Nilijiambia, "Hilo gari halijaenda mahali tangu 1996. Rejeta ni ya nini?"

Jumapili moja nilisema ninaumwa na tumbo. Watu wote walipokwenda kanisani nilichukua spana za Babu mwenyewe nikafungua ile rejeta, nikaitia katika gunia na kuifunga kwenye baiskeli. Yule mtu hakuniuliza swali hata moja. Aliipima, akanipa shilingi 700. Nikanunua njumu za mtumba. Kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimepasuka soli, nami nilikuwa nimefunga bao moja tu.

Jumamosi iliyofuata Babu alitoka na birika lake kama kawaida. Mimi nilikuwa ndani nikijifanya nasoma. Nilimsikia akifungua boneti. Halafu kukawa kimya. Nilichungulia dirishani nikamwona amesimama akitazama lile pengo, birika likiwa mkononi, na maji yanamwagika polepole kwenye viatu vyake. Hakupiga kelele. Alifunga boneti taratibu, akarudi ndani, akaketi. Tangu siku hiyo hakukuwa na mazoezi tena. Majirani hawakuja. Jumamosi ikawa kama siku nyingine yoyote.

Laiti yangeishia hapo! Nyanya alianza kuhesabu ni nani huingia katika boma letu. Kulikuwa na kijana mmoja aliyetuletea maji kwa mkokoteni kila Jumapili asubuhi, kijana mpole ambaye alikuwa akinipa lifti juu ya mitungi nilipokuwa mdogo. Nyanya alisema, "Nani mwingine anajua tukienda kanisani?" Akaambiwa asirudi tena. Alijitetea, akaapa, lakini nani angemsikiliza? Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na njumu mpya miguuni. Sikufungua kinywa changu. Nilinyamaza mwaka mzima na nusu.

Basi, Septemba 2024, fundi mmoja wa jua kali ambaye ni rafiki wa Babu alikuja na tiketi mbili. Mteja wake alikuwa akishindanisha gari katika maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yanayofanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Maonyesho haya si ya juzi. Yalianzishwa mwaka 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo. Fundi alisema, "Mzee, twende ukaone wenzako. Mlete na huyu kijana." Babu hakutaka. Alisema mtu ambaye gari lake halina rejeta atakwenda kuonyesha nini? Maneno hayo yalinichoma kama mwiba. Lakini Nyanya alimpigia pasi shati jeupe, na Jumapili hiyo tuliondoka Nakuru kabla ya jogoo kuwika.

Wenzangu, nilichokiona Ngong sijawahi kukiona. Magari yalikuwa yamepangwa kwenye nyasi kwa safu, na kila moja lilimeremeta hadi ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Kulikuwa na Mercedes-Benz za zamani, Alfa Romeo, Land Rover zilizokuwa kongwe kuliko Baba yangu, na pikipiki ambazo magurudumu yake yalikuwa na vyuma vyembamba kama vya baiskeli. Kulikuwa na Datsun 240Z, aina ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Ushindi huo wa 1973 ulikuwa wa Shekhar Mehta, ambaye baadaye aliongeza mingine minne mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Kulikuwa pia na Volkswagen ya mgongo wa kobe. Hiyo injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa tupu, haina rejeta kabisa. Niliitazama kwa muda mrefu nikitamani Babu angalikuwa na hiyo.

Nilidhani tutakuta matajiri wenye kuringa, wanaokataza watu kugusa. Haikuwa hivyo. Nilimwona mzee wa Kizungu amelala chali kwenye nyasi chini ya gari lake, na shati lake zuri, akisugua nati kwa mswaki wa meno. Kijana wa Kiafrika aliyekuja na gari la marehemu baba yake alikuwa akifuta vumbi ndani ya buti kwa pamba ya masikio. Waamuzi walipita na makaratasi yao wakichungulia kila mahali, katika injini, viti, hata chini ya gari penye matope. Lakini waamuzi walipopita tu, wenye magari waliacha milango wazi na kuita watu. "Karibu, ingia ukae! Shika usukani!" Mama mmoja alimpandisha mtoto wake mchanga katika gari lisilo na paa, wakapigwa picha. Mwenye gari alifurahi kuliko mama huyo.

Jambo lililonishangaza zaidi ni namna walivyosaidiana. Mbele yetu mtu aliyekuwa akishindana alipungukiwa na balbu ya taa ya nyuma. Alikimbia hadi kwa mpinzani wake katika kundi hilo hilo, na mpinzani akafungua kisanduku, akampa. Nikamwuliza Fundi, "Si atashindwa kwa sababu ya kumsaidia?" Fundi akacheka. "Kijana, spea za haya magari haziko dukani. Leo unampa balbu, mwaka ujao wewe ndio utakuwa unatafuta mpira wa dirisha. Ukiwa mchoyo hapa, gari lako litakufa."

Halafu tuliliona. Mwisho wa safu kulikuwa na Peugeot 404 ya bluu. Babu alisimama ghafla kama mtu aliyeitwa kwa jina. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi, mfupi, mwenye miwani, aliyezungumza Kiswahili cha kwetu kabisa. Aliona Babu akiitazama, akafungua boneti bila kuombwa. Babu alivua kofia. Waliinama wote wawili juu ya ile injini iliyolala ubavu, na nusu saa nzima hawakutukumbuka.

Mzee yule aliwasha gari. Babu akafumba macho, akasikiliza, kisha akasema, "Tapeti ya tatu inagonga kidogo."

"Nimewaambia mafundi wangu miezi miwili!" akasema yule mzee akipiga paja lake. "Wananiambia ati ni masikio yangu!"

Ndipo hadithi zikaanza. Mzee alisema baba yake alimpeleka kando ya barabara kutazama Safari Rally ya Pasaka mwaka 1968. Mwaka huo mvua ilinyesha kana kwamba mbingu imepasuka, na katika magari zaidi ya 80 yaliyoanza, ni saba tu yaliyofika mwisho. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 likiendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff. Ajabu ni kwamba mwaka 1963 ilikuwa vivyo hivyo, magari saba tu, na mshindi alikuwa Nowicki na 404. Babu akadakia kuwa mwaka 1966 na 1967 pia ilikuwa 404, zamu ile ya Bert Shankland wa Tanzania. "Kwa hiyo mara nne!" wakasema kwa pamoja, wakapeana mikono kama watoto walioshinda gololi. Nilimtazama Babu. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu Februari ile.

Mzee akamwuliza, "Na yako iko wapi, ndugu yangu? Mbona hukuileta?"

Babu akarudisha kofia kichwani. "Iko nyumbani. Haina rejeta. Iliibwa."

"Ah! Ni nani huyo?"

"Hatujui kwa hakika," Babu akasema. "Kuna kijana alishukiwa. Lakini mimi nawaza, huyo aliyeichukua alikuwa na shida gani? Angekuja aniambie shida yake, ningempa hizo pesa, aniachie rejeta."

Wasomaji, kijasho chembamba kilinitoka ingawa upepo ulikuwa ukivuma. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijifanya kuinama kufunga kamba ya kiatu.

Yule mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nina 404 nyingine nyumbani, imeoza chini, haitatembea tena. Ninaitoa vipande. Taa zake ziko kwenye gari la mtu wa Uganda. Mlango wake mmoja uko Thika. Hata hii yangu unayoiona, kabureta nilipewa, usukani nilipewa. Hapa hakuna mtu mwenye gari lake peke yake, Mzee. Rejeta nitakutumia."

Babu akauliza bei. Mzee akatikisa kichwa. "Utanilipa siku litakapowaka. Nipigie simu, uiweke karibu na injini, nisikie."

Njiani kurudi, Babu alilala kwa amani akiniegemea begani. Mimi sikupata hata lepe. Nilikuwa nikijiuliza, mtu asiyetujua ametoa rejeta bure, na mimi niliyelishwa na gari hilo niliiuza kwa shilingi 700. Maana Baba yangu alisomeshwa kwa nauli za Pijo lile, na akanisomesha mimi. Niliiba kwa kila mtu aliyewahi kupanda.

Baada ya wiki mbili rejeta ilifika kwa basi. Nilitumwa kuichukua. Ilikuwa imefungwa kwa magazeti na kamba, na nilipoinyanyua nikautambua ule uzito. Ulikuwa ule ule. Niliibeba begani nikapitia njia niliyoizoea bila kufikiri, na nikajikuta mbele ya mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Alinitazama, akatabasamu kama rafiki wa zamani. "Aa, kijana wa rejeta! Umeniletea nyingine?"

Sikumjibu. Nilitembea haraka, kisha nikakimbia, na mzigo wote ule. Nilipofika nyumbani Babu alikuwa ameketi barazani. Niliiweka miguuni pake. Alianza kufungua kamba akiwa na furaha, nami nikaona kama sitasema sasa, sitasema kamwe.

"Babu, ile nyingine ni mimi niliuza."

Mikono yake ilisimama kwenye kamba. Nilimweleza yote, njumu, gunia, baiskeli, shilingi 700. Nilitarajia kiboko. Nilitarajia laana. Babu alinyamaza kwa muda mrefu hadi kuku wakapita katikati yetu. Kisha akauliza swali moja tu. "Na yule kijana wa maji?"

Nilishindwa kujibu.

"Hii rejeta haitafungwa," akasema. "Itakaa hapo ilipo mpaka umtafute yule kijana. Chuma kimepata badala yake. Jina lake je?" Akaingia ndani. Kwa siku nne hakunisemesha, na siku hizo nne zilikuwa ndefu kuliko mwaka na nusu niliokuwa nimenyamaza.

Nilimpata katika sehemu ya kuoshea magari karibu na stendi. Nilimwita kaka, nikamwambia ukweli. Nilidhani atalia au atanikumbatia, kama katika filamu. Aliendelea kuosha gurudumu. Hatimaye akasema, "Unajua watu wa mtaa wenu wote waliacha kuninunulia maji? Mwezi huo nilifukuzwa nyumba kwa sababu ya kodi. Sasa unakuja kunipa pole?" Nilisimama pale, sina neno. Akasema niende, yeye atafikiria. Niliporudi nyumbani nilimwambia Nyanya. Nyanya alifunga leso yake na kwenda mwenyewe, na umri wake huo. Sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba alirudi macho yakiwa mekundu, na Jumapili hiyo aliwaambia wanawake wenzake mbele ya kanisa kuwa kijana yule alisingiziwa, na mwizi ni mjukuu wake. Nilikuwepo. Nilisikia kila neno.

Likizo ya mwisho wa mwaka niliitumia katika gereji ya Fundi. Nilipata mshahara mdogo. Shilingi 700 za kwanza nilimpelekea Babu, naye akanituma nizipeleke kwa yule kijana. Alizipokea. Alizihesabu. Kisha akauliza, "Mnaifunga lini hiyo rejeta?"

Tuliifunga Jumamosi moja mwezi wa Desemba 2024. Fundi alibadilisha mipira, akasafisha kabureta na plagi, akaondoa petroli iliyochacha. Yule kijana alikuja, akasimama mbali kidogo, mikono mfukoni. Majirani walikuja na vikombe vyao. Babu alinipa birika. Mikono yangu ilitetemeka nikamwaga maji nusu nje. Aliwasha mara ya kwanza, ikakohoa. Mara ya pili, kimya. Betri ikaanza kuchoka. Ndipo yule kijana akatoa mikono mfukoni, akasema, "Si tusukume?" Tulilisukuma sote, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, hadi karibu na lango. Mara likashtuka, likatoa moshi mweusi, likanguruma! Watoto wakapiga makelele. Babu akatoa simu, akaiweka karibu na injini bila kusema hata hujambo. Tulisikia sauti ya yule mzee kutoka Nairobi ikisema, "Tapeti yako ya pili inagonga!"

Hadi ninapoandika haya, mazoezi yanaendelea kila Jumamosi. Rangi bado ni ya ugali uliolala na sakafu ina tundu, hivyo waamuzi wa Ngong wasijitaabishe kutungojea. Lakini boneti iko wazi kwa yeyote anayetaka kuona injini iliyolala ubavu. Yule kijana bado hajaniambia amenisamehe. Huja mara moja moja, huketi mbele pamoja na Babu, nami hukaa nyuma na watoto. Sioni kama ninastahili zaidi ya hapo kwa sasa.

Wanafunzi wenzangu, nyumbani kwenu kuna kitu kikuukuu ambacho hamuoni faida yake. Pengine ni cherehani ya shangazi au redio ya mjomba. Kabla hujakipima kwa kilo, uliza kilimbeba nani. Na kama umekwisha kukiuza, basi sema leo. Kesho mzigo huwa ule ule, ila njia ni ndefu zaidi.